Mbolea ya Urea Izikwe Topeni, Isiachwe Majini

(Mazungumzo kwa wakulima wa mabonde ya mpunga)



Tunakusudia kuzungumza juu ya kina cha kutia mbolea ya Urea katika majaruba yenye maji. Jambo hili huonekana dogo, lakini ndilo linaloamua iwapo fedha ya mkulima itageuka mpunga au itapeperuka hewani.

Naitrojeni ni asilimia 46 ya Urea. Hivyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23. Mbolea hiyo inapomwagwa juu ya maji, mara nyingi mpunga hupata kiasi cha thuluthi moja tu. Wahenga wamesema: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Mkulima aliyekwishalipia mzigo hana nafuu yoyote katika uvujaji huu.

Hasara hiyo hupita njia mbili. Kwanza, Urea iliyoyeyuka hugeuka amoniamu katika muda wa siku chache. Mchana wa jua kali, ute wa kijani ulio majini hufyonza hewa ya ukaa na kuyafanya maji yawe na hali ya magadi. Hapo amoniamu hugeuka gesi ya amonia, na upepo huichukua.

Pili, juu ya tope lipo tabaka jembamba, aghalabu lisilozidi sentimita moja, linalopata oksijeni. Humo vijidudu huigeuza amoniamu kuwa naitreti. Naitreti haishikwi na udongo. Huteremka hadi tabaka lisilo na hewa, ambako vijidudu vingine huigeuza gesi, ikarejea angani.

Mbolea ikizikwa sentimita 7 hadi 10, yaani kiasi cha upana wa vidole vinne au vitano, hali hubadilika. Huko hakuna oksijeni, kwa hiyo amoniamu hubaki amoniamu, hushikamana na chembe za udongo wa mfinyanzi, na mizizi huifuata polepole.

Wakulima wa Bangladesh wameitumia njia hii tangu miaka ya 1980. Urea hushindiliwa kuwa vidonge vikubwa, na kidonge kimoja, chenye uzito wa gramu 1.8 au 2.7, huzikwa katikati ya kila mashina manne, mara moja tu kwa msimu, siku chache baada ya kupandikiza. Huko imewezekana kupunguza Urea kwa kiasi cha thuluthi moja bila ya kupunguza mavuno.

Asiyekuwa na vidonge asikate tamaa. Apunguze maji jarubani, atie Urea, aichanganye na tope wakati wa kuburuga au kupalilia, kisha arejeshe maji. Asiimwage juu ya maji mengi, wala wakati wa upepo.

Ipo tahadhari moja. Katika udongo wa kichanga, unaopitisha maji haraka, mbolea iliyozikwa huweza kuoshwa chini ya mizizi. Mwenye jaruba la namna hiyo aigawe mbolea yake mara kadhaa, kidogo kidogo.

Wakulima wanaombwa wajaribu kwanza katika jaruba moja, walilinganishe na la jirani yake wakati wa mavuno, na wamshirikishe bwana au bibi shamba wa eneo lao.