Anayerudi Makaoni Tumpe Kazi Gani?

Mada kwa semina ya walezi na wasimamizi wa makao ya watoto, Kibaha na Kisarawe



Naomba nianzie nyuma ya simtanki. Nilipokuwa nasaidia kazi za usimamizi katika kituo kimoja hapa Kibaha, alirudi mgeni kutoka Ulaya ambaye miaka miwili nyuma alijitolea kwetu kwa wiki sita. Watoto walimkimbilia getini, hata wale ambao hawakuwahi kumwona. Yeye alikuwa anamtafuta mmoja tu, binti aliyemwacha akiwa na miaka minne. Tulimkuta nyuma ya simtanki, amechuchumaa, anachimba mchanga kwa kifuniko cha chupa. Mgeni akamwita kwa jina. Mtoto hakuinua uso. Akasema, "Ulisema mvua zikiisha," kisha akaendelea kuchimba.

Masika mbili zilikuwa zimekuja na kwisha, na mtoto alikuwa anazihesabu.

Mgeni yule alikuwa mtu mwema. Alidunduliza nauli kwa miezi mingi, akajifunza Kiswahili jioni akitoka kazini, akarudi. Wengi huahidi na wasionekane tena. Ndiyo maana leo sitawazungumzia sana wanaopita siku mbili kugawa biskuti na kupiga picha. Kwa hao jibu ni fupi, makao si mahali pa kutalii. Namzungumzia anayerudi, kwa sababu huyo ana kitu cha kutupa, na sisi ndio tunaokipoteza.

Tunakipotezaje? Mgeni akifika mara ya kwanza tunamkabidhi mtoto. Hajui lugha, hajui taratibu, hajui soko liko wapi; lakini kumbeba mtoto hakuhitaji mafunzo, basi anabeba. Akirudi mara ya pili, sasa anajua majina, anajua kuuliza bei ya maharage pale Maili Moja, anamheshimu mama mlezi na mama mlezi anamwamini. Sisi tunamkabidhi tena mtoto, kana kwamba amefika jana. Baada ya wiki sita anaaga, na mtoto analia mara ya pili kwa mtu yuleyule.

Mama walezi wanayajua haya kuliko mimi. Wao ndio wanaobaki na kilio cha usiku wageni wakishaondoka. Wao ndio wanaomwona mtoto anayenyoosha mikono kwa kila anayeingia getini, akimwita anti au anko, na ambaye sisi tunamsifu kuwa ni mchangamfu. Mtoto wa miaka mitatu aliyelelewa nyumbani kwao hujificha kwenye kanga ya mama yake anapomwona mgeni. Asiyejificha kwa yeyote huenda hajapata wa kujificha kwake. Kule Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa katika taasisi za malezi. Waliohamishiwa kwenye familia, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, walikua vizuri zaidi katika mambo mengi, pamoja na ule uwezo wa kushikamana na mlezi mmoja.

Sheria nazo zinaelekea huko huko. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake au walezi. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liligusa moja kwa moja suala la watu kujitolea katika vituo vya yatima na madhara yake kwa watoto. Jirani zetu Kenya walitoa mwaka 2022 mkakati wa miaka 10 wa kuhamisha malezi kutoka makaoni kwenda kwenye familia. Nawaomba pia tusidhani kwamba mgeni akishapata kibali cha ukaazi cha Daraja C kazi yetu imekwisha. Kibali kinamruhusu kuwa nchini. Nani alale karibu na bweni la watoto ni uamuzi wetu, na tutaulizwa sisi.

Kibaha yenyewe ina historia ya kujifunza hapa. Mwaka 1963 ulianza mradi wa nchi za Nordiki, zikiwemo Denmark, Norway, Sweden na Finland, ukatuachia shule, huduma ya afya na chuo cha wakulima. Mwaka 1970 ulikabidhiwa kwa Watanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Mgeni alifundisha, aliyefundishwa akashika kazi, mgeni akaondoka na kazi ikabaki.

Narudi kwa mgeni wetu. Safari ile mama mlezi mkuu alimwambia bila kuficha: "Mwanangu, watoto niachie mimi. Wewe nisaidie kutafuta kwao." Kwa ruhusa ya afisa ustawi wa jamii, na akiwa naye muda wote, alikwenda Kisarawe ndani kabisa, upande wa Maneromango, kumtafuta bibi wa mvulana mmoja. Nilikuwemo safarini. Bodaboda mbili, vumbi, mikorosho pande zote. Bibi tulimkuta anamenya mihogo. Alipotajiwa jina la mjukuu aliweka kisu chini, akauliza swali moja: "Ameshaota meno ya mbele?"

Hakuwahi kumtupa mtoto yule. Alishindwa sare, alishindwa nauli ya kliniki, akaambiwa mjini kuna mahali wanakula mara tatu. Elimu ya msingi haina ada, lakini daftari, viatu na chakula cha mchana bado ni mzigo kwa bibi anayeishi kwa mihogo. Tulipopiga hesabu pale mkekani, alichohitaji kwa mwaka kilikuwa kidogo kuliko tiketi ya ndege ya mgeni. Mgeni ndiye aliyelisema hilo, naye aliinamisha kichwa. Mvulana sasa huenda kwa bibi kila likizo, na afisa ustawi anafuatilia. Hajahamia moja kwa moja. Choo cha nyumba kilikuwa kimebomoka na bado kinajengwa.

Napendekeza basi kwamba anayerudi asipangiwe kulisha, kuogesha wala kulaza watoto. Apangiwe kuwa nyuma ya mama mlezi: afue mashuka, akarabati paa, afundishe wahudumu hesabu za kompyuta kama anazijua, alipie nauli ya afisa ustawi kwenda vijijini, na mchango wake mwingine umfuate mtoto hadi kwa bibi au shangazi. Majalada ya watoto yabaki kwa wenye dhamana, asiyasome wala asipige picha. Na asiahidi kurudi mbele ya mtoto. Amwahidi msimamizi, kwa maandishi, na mtoto amwone siku atakapofika.

Katika majadiliano naomba kila kituo kitueleze ni watoto wangapi kati ya wake wana ndugu anayejulikana, na ndugu huyo alitembelewa mara ya mwisho lini.