NILIACHA CHAKI, NIKASHIKA KUCHA

(Hotuba ya mama mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini, iliyosomwa kwenye maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, makazi ya Nakivale, Uganda)



Kamati imeniomba nieleze jinsi nilivyoacha ualimu nikaanza kazi ya kutengeneza kucha. Kwanza nilicheka. Siku kama ya leo tumezoea kusikia habari za vita na njaa, si za kucha. Lakini nyumbani kwangu kucha ndizo zinazonunua madaftari ya watoto, kwa hiyo nitasema.

Kwetu Rutshuru nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilifundisha kwa Kiswahili na Kifaransa. Hapa Uganda shule zinataka Kiingereza, na diploma yangu haikunipa darasa. Nilipata nafasi ya msaidizi, kuwatafsiria watoto wadogo. Posho ilikuwa ndogo, ila watu waliniita "Mwalimu", na jina hilo lilinitosha.

Mwezi wa tatu mwaka 2020 shule zote zilifungwa kwa sababu ya korona. Posho ikakatika. Mwezi uliofuata mgao wa chakula ukapunguzwa kwa asilimia 30, na mwezi wa pili mwaka 2021 ukashuka hadi asilimia 60 ya mgao kamili. Mnakumbuka wenyewe sufuria zetu zilivyokuwa.

Dada mmoja jirani alikuwa na chupa nne za verni, yaani rangi ya kucha. Alinifundisha kwa vidole vyake mwenyewe. Saluni ziliporuhusiwa kufunguliwa, nilikopa kwenye kikundi chetu cha akiba, nikanunua kikata kucha, mkasi, tupa ndogo, asetoni, pamba, beseni na chupa chache za rangi. Nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, na siku ya soko nakaa chini ya mti.

Wiki ya kwanza mzazi wa mwanafunzi wangu alinikuta nimeshika mguu wa msichana nikiusugua kisigino. Akasema, "Mwalimu, umeshuka hadi huku?" Sikujibu. Jioni nililia. Mume wangu naye alikaa siku kadhaa bila kusema neno. Baadaye ni yeye aliyenichongea kibao cha wateja kuwekea miguu.

Mwezi wa kwanza mwaka 2022 shule zilifunguliwa, nami nikaitwa nirudi. Hapo ndipo palikuwa pagumu. Nilichukua daftari langu, maana nilikuwa naandika kila shilingi iliyoingia na iliyotoka. Nikaona kwamba wiki za mvua napata chini ya ile posho, lakini miezi ya harusi na sikukuu inafidia na kuzidi. Nikachagua kucha. Siwadanganyi, ndugu zangu: nikisikia watoto wanasoma kwa sauti, bado moyo unashtuka.

Kwa vijana wanaotaka kazi hii, nina mambo matatu.

La kwanza ni usafi. Homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI hupita katika damu. Kwa hiyo wembe mmoja ni wa mtu mmoja, kisha unatupwa. Vifaa vya chuma naviosha kwa sabuni, naviloweka dakika 10 katika jiki ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji, halafu nasuuza na kukausha visipate kutu. Ngozi nyembamba inayozunguka kucha siikati, maana ndiyo inayozuia vijidudu, naisukuma taratibu. Kucha yenye ugonjwa siifuniki kwa rangi. Mtu huyo namwambia aende kituo cha afya, hata kama nakosa pesa yake. Tena asetoni inashika moto upesi: usiitumie karibu na jiko wala mshumaa, na kaa penye hewa.

La pili ni hesabu. Pesa ya rangi siyo pesa ya unga. Ukila mtaji, kesho utakaa na beseni tupu.

La tatu ni mteja. Kucha ya mkono huota kama milimita tatu kwa mwezi, kwa hiyo aliyepakwa leo atahitaji tena baada ya wiki chache. Ukimwumiza, au ukitangaza alichokusimulia, hatarudi kwako.

Kwa wafanyakazi wa mashirika nina ombi. Mnapofundisha ushonaji na ususi, ongezeni kazi hii, na mwanze na usafi kabla ya rangi. Pia tupeni siku za kupeleka nyembe zetu kituo cha afya zikachomwe pamoja na sindano. Sasa tunazitupa shimoni, na watoto wetu wanacheza hapo.

Yule mzazi aliyeniuliza kama nimeshuka, mwaka jana alimleta binti yake nimfundishe. Sasa ninao wasichana watatu chini ya ule mti, nao wananiita Mwalimu. Wazee walisema, kazi mbaya si mchezo mwema. Mimi naongeza kwamba hii wala si mbaya.