Kisigino kikilia, kisikilize

Leo nitazungumza juu ya kisigino. Najua wapo watakaosema bwana huyu ameishiwa. Mambo yote ya dunia hii ameyaacha, anatuletea kisigino! Lakini aliyewahi kuumwa kisigino anajua kwamba alfajiri, anapoteremka kitandani, hakuna habari kubwa kuliko hiyo.

Mkasa wenyewe ulinipata Himo. Nilikwenda kupimwa, daktari akaniambia presha imepanda na uzito umezidi, basi nianze kutembea. Hakusema nikimbie. Alisema nitembee. Lakini sisi watu wa kushinda kitini, tukiambiwa kutembea tunasikia kushindana. Jumamosi nikanunua raba za mitumba sokoni, nzuri machoni, kumbe soli imelika upande mmoja kwa kufuata mwendo wa mwenyewe wa kwanza. Jumapili alfajiri nikashika barabara ya Marangu, mwinuko mtupu, nikarudi kifua mbele. Jumatatu nikaongeza mwendo. Jumanne nikaongeza tena. Jumatano nilipokanyaga sakafu, nilidhani nimekanyaga msumari. Nikatazama chini. Msumari haukuwapo.

Pale kijiweni nikapata waganga wa bure, tena wa vyama viwili. Chama cha kwanza kilisema: "Mangi, achana na mambo ya vijana, umri umekwenda." Chama cha pili kikasema: "Jikaze, mwanamume hashindwi na kisigino!" Hawa wa pili walikuwa na ushahidi. Wakanitajia Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 bila viatu. Wakanitajia na Mtanzania mwenzetu, John Stephen Akhwari, ambaye kule Mexico mwaka 1968 alianguka njiani, akaumia goti, akafungwa bandeji na kuchechemea mpaka mwisho wa mbio, zaidi ya saa moja baada ya mshindi.

Ndugu wasikilizaji, mashujaa hao nawavulia kofia. Lakini tusiwasingizie. Bikila alikuwa mkimbiaji aliyeiva, na nyayo zake zilikwisha zoea. Tena mwaka 1964 mjini Tokyo alivaa viatu, na akashinda vilevile. Akhwari naye siku ile alibeba jina la taifa, na siku ile haikuwa na kesho. Mimi nilibeba tumbo langu tu, na kutembea kwangu kunataka kesho, keshokutwa na miaka ijayo. Wako pia kina mama wanaoteremka kutoka migombani na mkungu wa ndizi kichwani, ndala miguuni, bila kulalamika. Hao walianza utotoni. Huwezi kukaa nyuma ya kaunta miaka ishirini, kisha ukataka miguu yao kwa siku nne.

Basi ni nini kinachouma? Mguu mmoja, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26. Chini ya unyayo umepita utando mgumu kama mkanda, kutoka mfupa wa kisigino mpaka karibu na vidole. Ndio unaoshikilia lile tao la unyayo. Ukiuongezea kazi ghafla, hasa kama uzito ni mkubwa, soli imekwisha na misuli ya shavu la mguu imekaza, unaumia pale uliposhikana na kisigino. Usiku ukilala unajikunja. Asubuhi ukisimama unavutwa kwa ghafla, nawe unapiga kelele. Ukitembea kidogo unalegea, lakini ukikaa sana kisha ukainuka, maumivu yanarudi. Na kupanda mlima huzidi kuyavuta yale mashavu ya miguu. Ndiyo maana barabara ya Marangu ilinihukumu mapema.

Dawa yake haimo katika vyama vyote viwili vya kijiweni. Usiache, na usijikaze. Punguza. Tembea mahali tambarare, dakika kumi kumi, au panda baiskeli mpaka kisigino kitulie. Kabla ya kushuka kitandani, pitisha kanga chini ya vidole, uvute taratibu kuelekea kwako huku goti limenyooka, uhesabu mpaka thelathini, mara tatu. Mchana shika ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, uusikie ule msuli ukinyooka. Jioni gandisha maji katika chupa ya plastiki, uifunge kitambaa, uiviringishe chini ya unyayo kwa dakika chache. Viatu viwe na soli nene yenye kukaa sawa. Kabla ya kununua mtumba, uweke mezani uutazame kwa nyuma, kama umeinama uachie wengine. Wala usimeze vidonge vya maumivu ili upate kutembea zaidi. Hapo unamfunga mdomo mlinzi ili mwizi aingie.

Na uwe na subira. Maumivu haya kwa watu wengi hupona, lakini huchukua majuma, pengine miezi. Ila mguu ukivimba, au ukashindwa kuukanyagia, au mfupa ukauma mahali pamoja na kuzidi kila siku, nenda hospitali. Huenda mfupa umepata ufa, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii. Siku nilipokwenda kutazamwa kisigino, nilikaa benchi moja na bwana mmoja wa makamo aliyekatwa mguu chini ya goti. Naye alikuwa ameambiwa atembee, kwa sababu ya kisukari. Raba mpya zikamchubua kidole. Aliniambia kwa sauti ya chini: "Mwenzangu, wewe ulilia. Mimi sikusikia kitu." Kisukari cha muda mrefu huua fahamu za miguuni. Kidonda kinakula, mwenyewe anatembea, na damu isipofika vizuri hakiponi. Alipokiona, kilikuwa kimekwisha ingia mfupani.

Tangu siku hiyo siyalaani maumivu yangu. Mwenye kisukari asiache mazoezi, yanamfaa sana. Lakini atazame nyayo zake kila siku, hata kwa kioo, akung'ute viatu kabla ya kuvaa, asitembee peku, na asikande miguu kwa maji ya moto, maana anaweza kuungua asijue. Kidonda hata kidogo akipeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ni nusu saa kwa siku tano. Hawakusema uzipate wiki ya kwanza.

Pale Marangu, juu kidogo ya Himo, wageni huanza safari ya kwenda kilele cha mita 5,895. Wengine ni vijana wenye viatu vya gharama, na huondoka kwa vishindo. Waongozaji wetu, waliopanda mlima huo mara zisizohesabika, huwaambia neno moja tu kutwa nzima: polepole. Anayewasikia hufika. Asiyewasikia mara nyingi hurudishwa njiani. Sisi wenyeji tumewafundisha neno hilo wageni wa dunia nzima. Ajabu ni kwamba wenyewe tunalisahau tukiwa bado chini barabarani.

Kisigino changu kilichukua miezi mitano. Siku hizi natoka Himo mjini hadi Njia Panda na kurudi, na presha imeteremka. Barabara ya Marangu naitazama tu kwa mbali. Nitaifikia.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.