MABUA SI TAKATAKA
(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa ushirika wetu, Ramadhani)



Mmetuuliza: ikiwa TANWAT, kampuni ya miwati ya hapa hapa Njombe, ilijenga mtambo mwaka 1995 ikachoma mabaki ya miti na kupata umeme wa megawati 2.5, mbona sisi tusichome mabua yetu? Swali zuri. Lakini ndugu zetu, miwati hailiwi. Bua la mahindi ni chakula cha ng'ombe kiangazi, na likioza shambani ni chakula cha udongo. Ukiyaondoa yote, mwakani unaongeza mifuko ya mbolea ya dukani, na bei yake mnaijua wenyewe.

Sisi tunasema hivi: magunzi yaende jikoni, sawa. Mabua ale ng'ombe kwanza. Halafu samadi yake ndiyo tuitie kwenye mtambo wa gesi, ule unaojengwa chini ya ardhi, ambao CAMARTEC ya Arusha ilianza kuueneza miaka ya 1980. Samadi na maji, ndoo kwa ndoo. Gesi inapika ugali, tope linalotoka linarudi shambani na rutuba yake. Hapo moto haujamnyang'anya mtu chakula.

Ila tusidanganyane. Baridi yetu ya Juni na Julai hupunguza gesi, na ng'ombe wa kuchungwa huacha samadi njiani. Anayefaa kuanza ni mwenye ng'ombe wawili au zaidi wa zizini, na maji karibu. Wenye hali hiyo wajiandikishe kwa katibu kabla ya mavuno.