Mvua Haiulizi Kadi ya Chama

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mwenzetu, muuza duka, mbele ya mkutano wa tawi. Tunaichapa kwa ukamilifu kwa faida ya wale ambao hawakujaaliwa kuhudhuria.)



Mimi si mwanasheria wala si mhandisi. Ni muuza duka, na kazi yangu ya kila siku ni kupima, kuhesabu na kuandika. Kwa hivyo maneno niliyokuja nayo nimeyapanga kwa mfano wa daftari: mji unatupa nini, sisi tunaupa nini, na deni hili huiva katika msimu gani.

Kwanza tuuangalie mji wenyewe. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa Mkoa wa Mjini Magharibi una watu 593,678. Hesabu ya mwaka 2022 ikaonyesha watu 893,169. Maana yake ni kuwa katika miaka 10 tumeongezeka kwa karibu laki tatu, na huu ndio mkoa mdogo kuliko yote ya Unguja kwa ardhi. Watu wote hawa wanakunywa, wanapika, wanafua na wanatupa taka. Juu ya hayo, maji tunayoyatumia katika kisiwa chetu hutoka chini ya ardhi, katika visima na chemchemi, na ardhi yenyewe kwa sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango. Uchafu uliozikwa juu hauna safari ndefu kuyafikia maji yaliyo chini. Basi asidhani mtu kuwa mtaro ulioziba au karo lililofurika ni shauri la watu wa mtaa ule peke yao.

Wazee wanajua, na vijana yafaa wajue, ya kuwa jina la Darajani halikuja bure. Pahali pale palikuwa na mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na watu wakivuka kwa daraja. Katika karne ya 20 mkono ule ulifukiwa, pakawa barabara na viwanja. Bahari iliondolewa, lakini mteremko wa ardhi haukuondolewa, na maji ya mvua yangali yakishuka kama yalivyokuwa yakishuka. Pahali ambapo maji yalikuwa na njia, nasi tukaiziba, hapana budi tuyachimbie njia nyingine na tuilinde. Hiyo ndiyo kazi ya mtaro, na ndiyo sababu mtaro si pambo la mji.

Wala khatari ya uchafu si jambo jipya kwetu. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia Unguja kikaua maelfu ya watu, na daktari mmoja wa Kizungu aliyekuwa akikaa hapa, James Christie, aliandika kitabu juu ya maradhi hayo. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala toka mwaka 1870 hata 1888, ndiye aliyeleta mjini maji ya bomba kutoka chemchemi. Lakini bomba peke yake halikutosha, kwani toka Septemba 2015 hata Julai 2016 maradhi yale yale yaliwapata zaidi ya watu 4,000 katika visiwa vyetu, na zaidi ya 60 wakafariki. Kila aliyekuwa na biashara ya chakula mwaka ule anakumbuka khasara aliyoipata. Baadaye Serikali ilitoa mpango wa kukitokomeza kipindupindu, unaoanza mwaka 2018 na kukoma mwaka 2027. Mpango ni mzuri, nasi hatuupingi. Tunalouliza ni hili: je, umefika katika mtaro ulio mbele ya nyumba yako?

Sasa niingie katika misimu, kwani khuduma za mji hufuata misimu kama vile jahazi linavyofuata upepo.

Kaskazi ikivuma, toka Disemba hata Februari, jua ni kali, mvua ni chache, na maji ya visima hushuka. Wakati huo huo mahoteli hujaa wageni, nao wanataka maji kama tunavyoyataka sisi. Huu ndio wakati wa kudai ratiba ya maji iliyoandikwa, yenye siku na saa, ili mama asikeshe akisubiri mfereji ambao hautatoka. Kadhalika huu ndio wakati wa kuzibua mitaro na kunyonya makaro, kwa sababu udongo ni mkavu na kazi ni nyepesi.

Machi ikiingia yaja masika, nayo hukaa hata Mei. Hapo tena si wakati wa kuchimba, ni wakati wa kulinda. Jaa likiachwa bila kuzolewa kwa siku mbili za mvua, taka zote huingia mtaroni, na mtaro ukiziba maji huingia majumbani. Mabonde ya Ng'ambo na barabara ya Mwanakwerekwe yamekwisha kutufunza somo hili mara nyingi. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na watoto wasiachwe kucheza katika madimbwi.

Juni hata Agosti ni kipupwe, na upepo wa kusi. Mvua imekwisha, baridi ni ya kadiri. Huu ndio wakati wa kufanya hesabu: wapi maji yalisimama, ukuta gani ulianguka, gari la taka lilikosa kuja mara ngapi. Mambo haya yaandikwe yakiwa bado mapya, kwani ifikapo Oktoba huanza mvua za vuli, na mwenye kuchelewa hapo hukutwa na msimu wa pili hali hajatengeneza alichoharibiwa na wa kwanza.

Mtaniuliza umeme nao una sehemu gani. Una sehemu kubwa, kwa sababu pampu za maji huendeshwa kwa umeme. Mwaka 2008, toka Mei hata Juni, tulikaa karibu mwezi mzima gizani. Kisha toka Disemba 2009 hata Machi 2010 tukakaa miezi mitatu, nayo ni ile miezi ya kaskazi niliyoitaja. Waliokuwapo wanakumbuka bei ya dumu la maji. Mwaka 2013 ilizinduliwa waya mpya ya chini ya bahari yenye uwezo wa megawati 100, na khofu ikapungua. Lakini funzo limebaki: khuduma moja ikianguka huiangusha na ya pili, na mwananchi asiyepewa khabari mapema huanguka nazo zote mbili.

Ndugu wanachama, hapa ndipo penye kiini cha hotuba yangu. Masika si mgeni anayepiga hodi usiku bila ya kutazamiwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya msimu kuanza, na wazee wetu walijua miezi yake kabla ya kuwapo mamlaka yoyote. Maadam wakati unajulikana, hapana udhuru wa kuchelewa. Tangazo la kuhama mabondeni linalotolewa maji yakiwa yamefika magotini si tangazo, ni rambirambi. Na vijana wanaotumwa kuzibua mitaro mwezi wa Aprili, mbele ya wapiga picha, wanafanya kazi iliyotakiwa kufanywa mwezi wa Januari kwa nusu ya taabu.

Mabaraza ya manispaa hayawezi kusema kazi hii si yao. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2014 iliwapa jukumu la usafi wa miji. Nasi wenye maduka tunalipa ada zetu. Mteja akinilipa ratili mbili za sukari nami nikampimia moja na nusu, ataniita mwizi, na atakuwa na haki. Je, mwenye kupokea ada ya taka ya mwezi mzima, kisha akazoa taka kwa wiki mbili, tumwite nani? Mimi simwiti jina lolote. Ninataka anionyeshe daftari lake.

Lakini insafu inataka tujitazame na sisi. Nimewasikia baadhi ya wenzetu, tena wanachama wazuri, wakisema: "Sheha ni wao, baraza ni lao, basi mtaro nao na uwe wao. Tukishiriki siku ya usafi tutakuwa tunawapamba." Ninaielewa hasira iliyo nyuma ya maneno haya. Sheha huteuliwa, hatumchagui, na wako wanachama waliokwenda kwake kwa haja ndogo ya barua wakarudi mikono mitupu. Hata hivyo nasema kuwa fikra hii ni ya makosa, na itatuumiza sisi kabla ya kumuumiza mwengine.

Nitakupeni ushahidi nilioushika kwa mikono yangu. Masika ya mwaka mmoja maji yaliingia usiku dukani kwangu, nikapoteza mapolo mawili ya mchele na polo moja la unga wa ngano. Jirani yangu wa ukuta mmoja ni mtu wa chama kinachotawala, na bendera yao i juu ya mlango wake. Yeye alipoteza sukari na dengu. Asubuhi tulikutana sote wawili, kila mmoja na ndoo yake. Mvua haikuuliza kadi ya mtu, na maradhi yakija hayataiuliza.

Kisha tuangalie jambo hili kwa jicho la siasa, kwa kuwa hapa ni tawini. Chama kinachotaka kukabidhiwa nchi hakina budi kionyeshe kuwa kinajua kuhifadhi mtaa. Tukisubiri mitaro izibe ili tupate la kusema jukwaani, tutakuwa tumefanya maji machafu kuwa mwanachama wetu. Wananchi si wajinga, watalijua hilo. Lakini tukifika barazani na daftari lenye tarehe, pahali na idadi, hapana atakayeweza kutujibu kuwa haya ni maneno ya wapinzani.

Basi napendekeza mambo matatu, na naomba mkutano uyapitishe.

La kwanza, kila shehia iwe na wanachama wawili, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume, watakaoshika daftari la mtaa. Ndani yake waandike mitaro iliyoziba, mifereji isiyotoka maji, majaa yasiyozolewa, na siku gari la taka lilipokuja na siku lilipokosa kuja. Wasiandike la kusikia, waandike la kuona.

La pili, kila mwezi wa Januari na kila mwezi wa Septemba, yaani kabla ya masika na kabla ya vuli, madaftari haya yapelekwe kwa diwani na kwa Mkurugenzi wa manispaa kwa barua, na nakala ya barua ibaki hapa tawini. Tutake jibu la maandishi: kazi gani itafanywa, wapi, na kabla ya tarehe gani.

La tatu, tusafishe mbele ya nyumba zetu wenyewe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku visiwani mwetu toka mwaka 2006, na bado ndiyo inayotolewa mitaroni kwa majembe. Wenye maduka wenzangu, tusiiuze wala tusiigawe. Hatuwezi kudai hesabu kwa mwengine ilhali yetu haijafungwa.

Wazee wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta tuujuao sisi ni ule unaoanguka usiku wa mvua juu ya watu waliolala, na anayezikwa ni mtu mwenye jina, mama yake yupo na wanawe wapo. Tuuzibe ufa huu sasa, jua lingali linawaka.

Mwenyezi Mungu atuletee mvua ya kheri.