Kuunganisha Kompyuta na Mtandao wa Chuo

Leo twakusudia kuwaeleza wanafunzi wapya wa vyuo vikuu namna ya kuunganisha kompyuta mpakato na eduroam, mtandao usiotumia waya ambao wazo lake lilizuka Uholanzi mwaka 2002, na ambao leo, kwa mapatano baina ya vyuo vingi vya Kenya, Uganda na kwingineko duniani, humwezesha mwanafunzi wa chuo kimoja kupata intaneti akiwa mgeni katika chuo kingine.

Kwanza, ungali chuoni kwako na kabla hujafunga safari, fungua orodha ya mitandao, uchague eduroam, kisha uandike jina lako la mtumiaji kwa ukamilifu, yaani pamoja na alama ya @ na anwani ya chuo, kwa kuwa sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iwajulishayo wenyeji ni chuo gani kiulizwe habari zako; na nywila yako huhakikiwa na chuo chako, wala si na wenyeji.

Pili, kompyuta ikikuonyesha cheti cha seva, usikikubali kwa pupa, bali ulinganishe jina lililomo na lile lililotangazwa na idara ya teknolojia ya chuo chako, maana laghai aweza kutega mtandao wenye jina lilelile ili akuibie nywila. Cheti kikikataliwa pasipo sababu dhahiri, tazama tarehe na saa ya kompyuta, kwani zikipotoka huharibu uhakiki wote.

Na kila ubadilipo nywila chuoni, ibadili na katika kompyuta.