Mpokee Mama Mzigo

Huenda mtaani kwako yupo mtoto asiyeitika akiitwa, anayeziba masikio kukiwa na kelele, na usiku halali. Huenda ni usonji, yaani otizimu. Si jini, si laana.

Daktari Leo Kanner aliieleza hali hii huko Marekani mwaka 1943. Baadaye wako wataalamu waliodai kwamba chanzo ni mama asiye na mapenzi. Utafiti umeonyesha si kweli: ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, na urithi una sehemu kubwa. Lakini lawama kwetu bado zipo jamani!

Mtazame mama huyo. Usiku yu macho, mchana yuko mbioni, harusini haalikwi. Baba naye anaumia kimya kimya. Uchovu ukirundikana huleta huzuni, hasira na ugomvi nyumbani.

Wewe kijana ufanye nini? Usimwendee na mawaidha. Mwambie, "Mama, nitakaa naye masaa mawili, wewe ulale." Lakini kwanza muulize mtoto anapenda nini na anaogopa nini. Akipiga kelele msikitini, usimkodolee macho. Kama hajapimwa, waelekeze wazazi EARC, vituo vya serikali vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, vilivyoanza mwaka 1984.

Futari tunapelekeana kila jioni. Basi mwezi huu tumpelekee mama huyo na usingizi pia.

Wabillahi tawfiq.